Riwaya ya vampaya niliyokodi Kampala: kitabu nyota nne, duka sifuri, na zile pini za stepla Mungu anaziona

Naandika nikiwa bado nimevimba kwa hasira kwa hiyo mnivumilie. Kuna duka moja la kukodisha riwaya hapa Kampala, ndani ya akedi moja, jengo la maduka madogo madogo, katikati ya mji, liko chini ya ngazi, halina hata kibao, wanaolijua wanalijua. Silitaji jina maana mwenyewe ni mtu wa kukimbilia kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, kwa kila kitu na mi sina muda wa kukaa kwenye viti vya plastiki nikisikiliza kesi. Unalipa 3,000, unakaa na kitabu wiki, unaacha dipoziti 20,000, ukirudisha unapewa pesa yako. Ndivyo wanavyosema. Yangu mpaka leo iko huko huko.

Mi ni mtu wa vampaya, wale wafu wanaoamka kunyonya damu za watu, tuanzie hapo. Na sio wale wa kulia lia mapenzi kila ukurasa, nataka giza, damu, mji wenye mvua, na mwanamke ambaye hasubiri mtu aje kumuokoa. Nimekulia barakisi ya jeshi Jinja, wake za wanajeshi walionilea walikuwa wanalala peke yao na watoto sita na panga chini ya godoro, kwa hiyo mwanamke wa kupiga kelele "nisaidieni" ananichosha haraka sana. Tangu ile Buffy ya kwenye TV ianze 1997, ambapo binti wa shule ndiye anayewinda na mavampaya ndio wanaokimbia, vitabu vya namna hii vimejaa, na vingi ni takataka tu, dada anapewa jaketi la ngozi na bastola na mdomo mchafu, basi wanadhani ameshakuwa mgumu. Bastola yenyewe inapiga risasi chapta nzima hajabadilisha hata magazini. Mtoto wa barakisi hapo humdanganyi.

Hiki nilichokodi kilikuwa kitu kingine. Dada mwenyewe ni dereva wa brekidauni, lile gari la kuvuta magari yaliyokufa njiani, anafanya kazi usiku kwenye mji mmoja wa Marekani wenye baridi, kwa hiyo sababu ya kuwa barabarani saa tisa usiku anayo, sio wale wanaosikia kishindo nje wanatoka na nguo ya kulalia kwenda kuangalia. Bastola hana. Ana cheni, ana wilispana, na ana mpini wa nyundo aliouchonga ukawa na ncha, anauweka chini ya kiti pamoja na risiti za mafuta. Mdogo wake ameng'atwa na vampaya na anabadilika polepole, chakula hataki, mapazia kutwa yamefungwa, na dada anajua kabisa ni nani aliyefanya hivyo maana alishawahi kulivuta gari lake.

Na mwandishi anazijua kanuni za huu mchezo. Watu wengi tunajua vampaya akiguswa na jua anakufa, kumbe hiyo ililetwa na sinema, ile Nosferatu isiyo na sauti ya 1922, kwenye Dracula ya 1897 mzee mwenyewe anatembea London mchana kweupe, nguvu tu ndio zinampungua. Sasa huyu mwandishi kaenda na ile ya zamani na hakuambii, unasoma umetulia ukijua mchana ni salama, dada amejinyoosha gerejini kwake saa nane mchana, mara mlango unagongwa. Niliruka. Nilikuwa kwenye taksi ya Ntinda, mama aliyekaa pembeni akaniuliza kama nimepitishwa stegi, yaani kituo changu.

Halafu ile ya vampaya kutoingia mpaka akaribishwe, hapo nilicheka peke yangu, kwa sababu sisi mtu anapiga hodi uko jikoni hata hujamuona umeshajibu karibu, ingia, mlango uko wazi. Hao jamaa wangemaliza kijiji kizima kabla chai haijachemka. Na tena ikweta hiyo hapo Kayabwe, usiku wetu ni karibu masaa 12 mwaka mzima, vampaya wa Ulaya mwezi wa sita anahangaika na kiusiku kifupi, hapa kwetu angekula kwa ratiba. Mtu wa kwetu aiandike hiyo jamani, mi nitanunua, sitakodi.

Haya sasa tufike penye ugonjwa. Chapta ya 14.

Nafungua nakuta kurasa zimepigwa stepla. Sio pini moja, ni juu, katikati, chini, karatasi kadhaa zimeshonwa pamoja zikawa kitu kimoja. Nikafikiri labda zilichanika, vitabu vya kukodi vinapita mikono mingi, nikaruka nikaendelea mbele. Na hapo ndipo stori ilipooza. Kabla ya pini dada amesimama juu ya yule vampaya mzee na mpini wake, anamwambia leo ni leo. Baada ya pini ameamka asubuhi na skafu shingoni, anampa vampaya yule yule ufunguo wa mlango wa nyuma wa gereji, na anamwita kwa jina lake kwa sauti ya upole. Eh! Jana ulitaka kumuua!

Nikamlaani mwandishi. Nikasema ni yale yale, mwanamke ni chuma mpaka mwanaume mwenye macho mazuri atokee, akitokea chuma kinageuka uji. Nikaendelea kusoma nikisonya kila ukurasa, kila anachofanya dada nakiona cha kijinga, nikamwandikia mpaka dada yangu aliyeko Mbale asithubutu kukisoma. Sasa usiku mmoja umeme umerudi, usingizi sina, nikachukua kisu cha mezani nikazitoa zile pini taratibu moja moja.

Banange. Kumbe kitabu chote kiko humo.

Humo ndimo tunaambiwa damu ya yule mzee ndiyo peke yake ya kumrudisha mdogo wake, na mzee hawezi kutoa kabla hajachukua. Kwa hiyo dada ndiye anayetaka ang'atwe. Ndiye anayepanga. Anakaa juu ya boneti ya gari lake mwenyewe, ncha ya mpini ameigandamiza kwenye kifua cha vampaya usawa wa moyo, anamwambia nahesabu mpaka kumi, kumi ikifika hujatoa meno nasukuma. Na anang'atwa, na ndiyo, kuna joto, kuna pumzi, kuna mambo ya watu wazima, sitawadanganya. Lakini mkono ulioshika mpini hautikisiki na hesabu haimpotei, na mzee ndiye anayeogopa, kwenye nane anainua kichwa mwenyewe. Nilisoma mara mbili hapo hapo nimesimama.

Unaona walichonifanyia? Kwenye hizi stori kung'ata ndio mapenzi, ndio vita, na ndio mkataba, vyote viko kwenye meno yale yale, hauwezi ukaficha kimoja ukaacha vingine. Ile skafu ya asubuhi ni ya mtu aliyeshinda, mi nikasoma kama ya mtu aliyelegea, kwa sababu ya pini za shilingi ngapi sijui. Nimemtukana dada wa watu siku kadhaa bure.

Nikakirudisha nikiwa bado na furaha kusema kweli, nilitaka kuchukua cha pili. Mwenye duka ni mama mmoja mlokole, na mi sina ugomvi na walokole, mama yangu mwenyewe ameokoka, redio ya mahubiri inaongea kwenye kaunta kutwa nzima na sijawahi kusema kitu. Akakichukua kitabu, salamu hakuna, akaenda moja kwa moja chapta ya 14. Moja kwa moja! Hakutafuta.

"Nnyabo, umetoa pini."

Nikamwambia nimetoa, nimelipia kitabu kizima. Akasema zile kurasa alizifunga kwa faida yangu, halafu mbele ya watu, kulikuwa na vijana wa chuo pale wawili watatu wanachagua vitabu, akaniuliza, "Wewe una ndoa?" Eti mwanamke mwenye heshima akiona pini anajua aruke. Nimeshikwa na aibu na hasira kwa pamoja mpaka Kiswahili kikanipotea nikabaki naongea Kiganda cha kuvunjika. Halafu akafunga droo. Dipoziti harudishi, kwa sababu gani, nimeharibu kitabu, karatasi zina matundu. Matundu! Matundu ya pini zake mwenyewe!

Nikamuuliza, mbona chapta ya sita mtu anakatwa kichwa kwa cheni ya brekidauni na damu inaruka mpaka kwenye taa za trafiki, hapo hakuna pini? Akanijibu bila hata kufikiri, "Hiyo ni vita. Hata kwenye Biblia vichwa vinakatwa." Hapo kidogo alinimaliza, siwezi kusema uongo, mmoja wa wale vijana alicheka mpaka akageukia ukutani.

Lakini sikukubali. Rafu ya pembeni ameandika wanafunzi, na humo kuna Dracula, haina pini hata moja, na humo Lucy anaongezwa damu ya wanaume wanne mmoja baada ya mwingine na mchumba wake akisema kwa kumpa damu ni kama wameshaoana. Kuna na Carmilla ya 1872, vampaya wa kike anayemjia binti kitandani usiku anamng'ata kifuani, iko wazi kabisa, mtoto wa sekondari anakodi na sare yake ya shule. Nikamuonyesha. Akasema hivyo ni litaricha, yaani fasihi. Kwa hiyo ikishakuwa ya zamani na jalada jeusi haina dhambi, dhambi ni ya dereva wa brekidauni.

Akaona haitoshi akaanza, eti haya mambo ya kunyonya damu ni mapepo ya wazungu. Nikamwambia jajja zetu, babu na bibi zetu, hapa hapa Kampala wakati wa mkoloni walikuwa wanaogopa wazimamoto, watu wanasema gari la zimamoto linakamata mtu usiku anaenda kutolewa damu, Nairobi hivyo hivyo, huko pwani wakiwaita mumiani, na waliosemwa kuwa wanyonyaji walikuwa ni hao wazungu na watu wao wa sare. Kwa hiyo stori za damu tulikuwa nazo na tulikuwa tunajua zinamhusu nani. Akaongeza sauti ya redio.

Basi duka nyota sifuri. Msiende. Mtu anakukodisha kitabu amekitoa moyo, halafu anakutoza kwa kuurudisha.

Ila kuna kitu lazima niseme, maana kinaniwasha. Yule kijana anayemsaidia, nikiwa natoka amenifuata mpaka nje kwenye ngazi akaniambia, sista, pole, bosi ana daftari. Kumbe huyo mama ana daftari ambamo ameandika kila kitabu na namba za kurasa alizozipiga pini na kwa nini. "Busu." "Busu tena." "Huyu ana mke." Duka zima! Yaani hakuna kitabu cha vampaya mle ndani ambacho hajakisoma mwanzo mpaka mwisho, na kwa umakini kuliko mimi. Kijana anasema cha kwetu cha brekidauni, pembeni ya chapta ya 14, ameandika "dada ana akili lakini hapana." Nilisimama pale sijui nicheke au nirudi nikampige. Dada ana akili! Ameona! Ameelewa kile kile nilichoelewa mimi na bado akachukua stepla!

Na ukweli mwingine, nimezunguka. Maduka makubwa yenye viyoyozi yana vitabu vya biashara na vya kufaulu maisha, wale wa kupanga chini barabarani wana vitabu vya shule na majarida ya zamani, mfululizo huu kamili uko kwake tu. Kwa hiyo ndiyo, nilirudi. Nilimtuma kijana, nikaacha dipoziti nyingine, nimechukua cha pili. Pini ziko sehemu mbili tu na safari hii sikuhangaika na kisu, nilizitoa na wembe kabla hata sijaanza chapta ya kwanza, na karatasi nimezipiga pasi kidogo matundu yakapungua. Alivyokirudisha kijana mama hakuona, au aliona akanyamaza, dipoziti ya pili ilirudi. Ya kwanza bado, mama, kama unasoma hapa, 20,000 yangu.

Kitabu chenyewe nakipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu watu wote humo ndani wanaguna badala ya kuongea, na kwa sababu ya mwisho wa cha pili, mdogo mtu anapotea na gari na mwandishi anakuachia hapo hapo bila huruma. Duka nalo labda nyota moja, ya kijana.

Cha tatu kiko kwa mtu. Kijana anasema ni mteja wa Bweyogerere, amekaa nacho muda mrefu kupita wiki na hapokei simu. Wewe ndugu wa Bweyogerere, tupo kwenye foleni watu kibao, rudisha kitabu, na pini kama umezitoa usimrudishie.