TAHADHARI: Muuza ekseli za mtumba huko Dar, msimpe hata mia

Wakulima wenzangu wa Ifakara, Mlimba na Malinyi, na yeyote anayejitengenezea tela: juzi ekseli ya tela langu, kile chuma kinachoshika magurudumu, imekatika pale darajani kwenye mfereji, juu kuna magunia 20 ya mpunga. Nusu yake yameishia majini. Wanaonicheka kijiweni waendelee kucheka, ila asiingie mwingine.

Mwaka jana nilikodi tela, yaliyonikuta na mwenyewe sirudii. Msimu huu nikasema najenga langu. Fundi wetu akanichorea vizuri kabisa: fremu ya cheneli, kitanda mita 2.5 kwa 1.5, ekseli ikae nyuma kidogo ya katikati ili mkono wa tela ubebe kama sehemu moja ya kumi ya mzigo, maana mzigo ukielemea nyuma mkono unanyanyuka na pawatila (kile kitrekta cha magurudumu mawili kinachovuta tela) haishikiki. Vyuma vyote tulipata hapahapa. Kilichokosekana ni ekseli ya kubeba tani 2.

Nikaenda Dar mwenyewe, sikununua kwa picha. Nafika kwenye yadi yake, "karibu sana mzee wangu", soda ya baridi, kiti. Akamwita kijana alete ekseli kutoka ndani. Nyeusi, inang'aa. "Nimeipaka rangi isishike kutu njiani." Akaipiga jeki, akasukuma habu, pale gurudumu linapofungwa, kwa kidole kimoja, ikazunguka kimya. Akafungua kifuniko: grisi mpya, beringi safi. Akachukua nyundo, akagonga pembeni ya habu, ikalia kama kengele ya shule. "Hii imetoka kwenye tela la Ulaya, mzee. Itakuzika wewe na wajukuu."

Sasa niambieni, mtu anayekufungulia mpaka beringi unamshukuje? Na bei haikuwa ya kutupa. Alianzia 900,000, nikamvuta hadi 820,000, anakuna kichwa kana kwamba namnyonya damu. Mwizi gani anabishania bei namna ile?

Ilipokatika ndipo tukaona. Ni vipande vya ekseli mbili tofauti, vimeungwa katikati kwa kuchomelea juu juu tu, ndani ya bomba hakuna hata chuma cha kushikia. Halafu wakasawazisha kwa puti na kupiga rangi. Puti! Ile ya kuzibia mabodi ya daladala, ndiyo ibebe mpunga wangu.

Nikampigia. "Mzee, utakuwa umezidisha mzigo." Tani 2 zilezile alizoniapia! Nikarudia kupiga, hapatikani.

Na kijana wangu alikuwa amekaa juu ya yale magunia. Aliruka, Mungu alimsimamia. Je, angelaliwa na tela? Mtu kama huyu anyang'anywe leseni, yadi ifungwe, alale ndani mpaka ajue chuma ni nini. Hela yangu arudishe, na mpunga anilipe kwa bei ya sokoni, si kwa huruma.

Dalili, msije kusema sikuwaambia: rangi mbichi. Nyundo yake iligonga kwenye habu tu, katikati hakugusa. Nendeni na sumaku, penye puti nene haishiki vizuri, na msasa, mkwangue rangi mbele yake, akikataa ondokeni. Hela aliagiza itumwe kwenye namba yenye jina la mwanamke, risiti akasema kitabu kimeisha. Na ile soda, shetani mkubwa.

Vipande vyote viwili ninavyo, puti bado imeng'ang'ania. Jumatatu navipeleka polisi pamoja na ujumbe wa muamala, na fundi amekubali kutoa maelezo. Kama na wewe umewahi kukaribishwa soda na kufunguliwa habu kwenye yadi hiyo, nitafute kabla ya Jumatatu. Tukienda wengi hataniambia tena nimezidisha mzigo.