Proxmox VE 9: sasa RAIDZ inapokea diski moja moja

Nasimamia seva ya duka la jumla la dawa hapa Morogoro. Mfumo wa mauzo, hesabu za stoo na mafaili ya ofisi vyote vimo humo, kila kimoja na mashine pepe yake (kompyuta ya kiprogramu ndani ya seva), juu ya Proxmox VE, programu huria ya kampuni moja ya Vienna, Austria. Toleo la 9.0 lilitoka Agosti 2025 likiwa na mengi. Mimi nililingojea kwa ajili ya diski tu.

Data zetu zinakaa kwenye ZFS, mfumo wa kuhifadhi data, kwa mpangilio wa RAIDZ1 unaounganisha diski tatu za TB 4 kuwa hifadhi moja. Diski moja ikifa, kazi inaendelea. Nafasi ya kutumia ni kama TB 8. Shida ilikuwa nafasi inapoisha, kwa sababu RAIDZ ilikuwa haikubali kuongezewa diski moja. Ama ubadilishe zote, moja baada ya nyingine, uweke kubwa zaidi, ama ununue kundi zima jipya, ama uhamishe data zote, uvunje na kujenga upya. Kwa ofisi ambayo mhasibu anaidhinisha diski moja leo na nyingine mwakani, hakuna hata njia moja iliyotufaa hapo.

Toleo hili limekuja na ZFS 2.3, na hatimaye RAIDZ inapanuka. Nilichomeka diski ya nne, nikatoa amri ya zpool attach, mfumo ukaanza kusambaza data upya huku mashine pepe zote zikiwa hewani. Kazi hii inakula saa nyingi na diski zinaelemewa, kwa hiyo ianze jioni ya wikendi. Kilichonifurahisha kuliko vyote: umeme ukikatika katikati, seva ikiwaka inaendelea pale ilipoishia. Aliyebuni hivyo namshukuru sana.

Ila jua haya. Kwanza unaendesha zpool upgrade, amri inayowasha vipengele vipya vya ZFS, na ukishapanua, ZFS ya zamani haitaweza tena kufungua diski hizo. Data za zamani zinabaki na uwiano wake wa diski tatu mpaka ziandikwe upya, hivyo nafasi utakayoiona ni pungufu kuliko uliyoipiga kwa kalamu. Na RAIDZ1 haigeuki kuwa RAIDZ2, ile inayovumilia diski mbili kufa; hilo liamue siku ya kwanza.

Sikukimbilia toleo hili lilipotoka tu. Novemba 2023 iligundulika hitilafu ya ZFS iliyokuwepo kwa miaka: faili likinakiliwa wakati bado linaandikwa, nakala iliweza kutoka na sifuri mahali pa data, bila onyo lolote. Ilizibwa kwenye ZFS 2.2.2. Tangu hapo nasoma orodha ya marekebisho ya hifadhi mstari kwa mstari kabla ya kugusa seva yenye rekodi za dawa.

Wenye hifadhi ya pamoja, yaani diski zinazofikiwa na seva kadhaa kupitia mtandao (iSCSI) na kugawanywa kwa LVM, nao wamepata snapshoti (picha ya hali ya mashine pepe unayoweza kuirudia), ingawa watengenezaji wenyewe bado wanaiita ya majaribio. Sisi hatuna, siwezi kuisifu wala kuiponda.

Ukiwa kwenye toleo la 8, chukua bakapu ya kila mashine pepe kwanza, kisha endesha pve8to9 --full, amri inayokagua kama seva iko tayari kuhamia toleo la 9. Usiendelee mpaka umeshughulikia kila onyo inalotoa.