Zana za kuchongea mawe: ipi inunuliwe kwanza

Kabla ya kutoa pesa, jua jiwe lako. Matumbawe ya Pwani na jiwe la Ndarugo, Kiambu, ni laini. Graniti ya Mwanza inakula chuma. Mpangilio huu unafuata umuhimu wa zana, si bei.

Ya kwanza ni tindo ya ncha, maana ndiyo inayoondoa nundu zote kabla ya patasi kugusa jiwe. Urefu wa sentimita 20 hadi 25 unatosha mkono. Tindo za nondo ni za bei rahisi, lakini chuma chake ni laini: kichwa hupanuka kama uyoga, na vipande vyake huruka machoni. Afadhali iliyofuliwa na mhunzi kwa springi ya gari, ikachovywa kwenye mafuta ikiwa nyekundu, kisha ikapashwa tena kidogo. Ipime kwa tupa palepale dukani. Tupa ikila ncha kirahisi, tindo itapinda. Ikiteleza kama juu ya kioo, itakatika. Unataka inayoshika kwa shida.

Ya pili, nyundo ya kilo 1 hadi 1.5. Ya kilo 2 huchosha kiwiko na kupasua kona ulizokwisha kunyoosha.

Ya tatu ni patasi bapa yenye mdomo wa milimita 25 hadi 40. Hapa wauzaji husifia ile ya ncha ya kabidi, kitu kigumu kuliko chuma. Kwa graniti, nunua. Kwa matumbawe ni pesa ya bure, na ukiitumia kubandulia jiwe kama mtaimbo, ncha inameguka. Jiwe la kawaida la kunolea haliiwezi.

Patasi ya meno inafuata. Inafuta mifereji ya tindo ili patasi bapa isihangaike. Ya chuma cha kawaida usiipeleke kwenye graniti, meno yatabaki huko.

Nyundo ya meno, yenye uso uliojaa vimeno, ni ya jiwe gumu kama graniti tu. Jiwe laini huliponda ndani, na uso hubanduka baadaye.

La mwisho, jiwe la kusugulia: namba 60 yenye chembe kubwa, kisha 120 iliyo laini zaidi, maji yakitiririka. Ukiruka namba, mikwaruzo haitoki. Jiwe la Ndarugo lina vitundu, halitang'aa hata ukikesha ukilisugua.

Glavu, miwani na barakoa ya vumbi vinunuliwe siku ileile ya tindo. Vumbi la graniti huharibu mapafu, na kitambaa usoni hakilizuii.