Pampu mpya, redieta zile zile: nilivyopigwa na baridi msimu mzima

Mafundi walipong'oa boila ya gesi na kufunga pampu ya joto, yaani mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kupashia maji ya nyumba, redieta za ukutani, yale mabapa ya chuma yanayopitisha maji hayo kupasha vyumba, waliziacha vilevile. "Bado nzima hizi," walisema. Nzima zilikuwa kweli, ila kwa boila, ambayo hupeleka maji ya moto zaidi. Siku za baridi kali sebule haikuvuka nyuzi 15, tukawa tunashinda tumejifunika mablanketi na huko nje pampu inavuma usiku kucha.

Fundi akarudi, akapandisha maji kutoka nyuzi 45 hadi 55, akaenda zake. Sebule ikafika 17. Bili ya umeme nayo ikapaa, kwa sababu kila nyuzi moja unayoiongezea pampu inakula umeme zaidi, takriban asilimia 2. Nikaona bora nishike kalamu mwenyewe.

Kumbe wati zinazoandikwa kwenye katalogi ya redieta hupimwa kwa maji yenye wastani wa nyuzi 70 na chumba cha nyuzi 20, yaani tofauti ya 50. Pampu yangu, kabla fundi hajaipandisha, ilipeleka maji ya 45 nayo yalirudi yakiwa 40, wastani 42.5. Toa 20, unabaki na 22.5. Mtu anaweza kudhani tofauti ikishuka karibu nusu, joto nalo litashuka nusu. Wapi! Linaporomoka zaidi, unabakiwa na kama asilimia 35. Redieta yangu ya "wati 2,000" ilikuwa inatoa 700, na sebule, nilipopiga hesabu ya kuta, madirisha na dari, ilikuwa inapoteza 1,400.

Kwa hiyo nilitafuta ya wati 4,000 za katalogi, maana asilimia 35 yake ndiyo hiyo 1,400. Hapo ndipo utakutana na namba za aina za redieta: 11, 21, 22 na 33. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya paneli, ya pili ni safu za mapezi, yaani vibati vyembamba vya kusambaza joto, katikati yake. Kwa kimo cha sentimita 60, aina ya 22 ingehitaji zaidi ya mita 2, na ukuta chini ya dirisha una mita 1.8. Nikachukua 33 ya mita 1.6. Joto lake sina la kulalamika. Umbo lake ninalo: limetokeza ukutani kama sentimita 16, sofa ikabidi ihame, na kwa uzito wa karibu kilo 80 kabla ya maji, tulilibeba watu watatu na ukuta ukaongezewa vishikio.

Chumba cha kulala sikukigusa. Redieta yake ya wati 1,500 inatoa 530 kwa maji ya 45, na chumba kinataka 500. Kwa hiyo ukiambiwa ung'oe zote, omba kwanza hesabu ya chumba kimoja kimoja. Mimi nilibadilisha tatu kati ya saba.

Jambo jingine ni mtiririko. Pampu hufanya kazi na tofauti ndogo kati ya maji yanayokwenda na yanayorudi, kwa hiyo maji mengi zaidi lazima yapite. Redieta ya sebuleni peke yake inataka lita 4 kwa dakika. Niliposawazisha valvu za chini za redieta, nikiminya zile za karibu na pampu na kufungua za mbali, chumba cha mwisho kilipata joto bila kununua kitu.

Sasa maji yako 45, na siku zisizo na baridi sana yanashuka yenyewe hadi 35. Wageni hugusa redieta wakaniuliza kama imezimwa, maana ni vuguvugu tu, huku wamevua makoti. Bafuni bado sijafanikiwa: ile reli ya taulo ina mabomba membamba yasiyo na mapezi, na kwa maji haya inakausha taulo moja kwa shida.