Kujitoa kwa taimushea: upambane mwenyewe ama ulipe ajenti?

Taimushea ni ile unanunua haki ya kukaa hoteli ya likizo wiki moja hivi kila mwaka. Wengi hapa Nairobi hunaswa nayo mol, unaambiwa umeshinda wikendi Diani, ukienda kuchukua zawadi unakalishwa masaa mawili na unatoka ukiwa umesaini. Sasa ile ada ya kila mwaka inapanda na wiki yenyewe hupati ukiitaka, hasa Desemba.

Kupambana mwenyewe ni bei rahisi lakini inachosha. Kama mkataba bado ni mpya usilale, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakupa siku 10 tangu upokee nakala ya mkataba ujitoe bila kueleza sababu. Andika barua, peleka ofisini kwao nakala mbili, moja wagonge mhuri na tarehe ubaki nayo, maana simu watasema hawakusikia. Siku zikipita omba tu waichukue wiki yao hata bila kukurudishia kitu, kwanza maliza madeni ya ada juu hapo ndio watakukwamisha. Wakikataa na unadai pesa isiyozidi milioni moja, kuna korti ya madai madogo, na hulazimiki kuwa na wakili.

Ajenti naye ni mtamu wa maneno, eti ako na mteja tayari wa kununua wiki yako, lipa tu ada ya faili. Ukishatuma M-Pesa mteja anapotea na yeye anakublock. Mimi wa kulipwa kabla ya kazi simtaki kabisa, afadhali wakili mwenye leseni akusomee mkataba, na jina lake unalitafuta kwa tovuti ya LSK, chama cha mawakili Kenya, kwanza.