BaseX kwenye mahojiano ya wavuvi: nimetafuta "vua", nikaletewa mvua

Nina mafaili ya XML (matini iliyowekewa alama za mpangilio) yapatayo mia mbili: mahojiano na wavuvi na wachuuzi wa dagaa, kuanzia Kibirizi mpaka Ujiji, huku Kigoma, niliyoyaandika mwenyewe neno kwa neno. Kuyaandika ni kazi. Kukumbuka nani alisema nini ni kazi kubwa zaidi.

Mwanzoni nilitumia contains() ya kawaida ya XQuery, lugha ya kuulizia mafaili ya XML. Hiyo haijui maneno, inalinganisha herufi tu. Ukiandika "dagaa", sentensi iliyoanza na "Dagaa" inakupita. Nikahamia contains text, ile nyongeza ya kutafuta ndani ya matini iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2011. Naitumia kupitia BaseX, programu ya bure iliyoanzia Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Herufi kubwa na ndogo sasa hazinisumbui.

Ninachokipenda kuliko vyote ni umbali. Naandika 'dagaa' ftand 'karabai' distance at most 10 words, yaani yote mawili, yasiachane zaidi ya maneno kumi, napata mzee anayesimulia uvuvi wa usiku, si yule aliyetaja dagaa mwanzo wa aya na karabai huko mwishoni. Na nikiongeza using fuzzy (kutafuta kwa kukaribiana) kwenye jina la samaki "migebuka", "mgebuka" naye anakuja, pamoja na makosa yangu ya kuchapa. Ni mengi, sitaki kusema uongo.

Shughuli ipo kwenye vitenzi. Stemming hukata mikia ya maneno, na Kiswahili mambo mengi yako kichwani: wakavua, tulivua, hatukuvua. Nikaweka '.*vua' using wildcards, yaani neno lolote linaloishia na "vua". Lo! Ikanimwagia masika yote ya Kigoma, kila "mvua" iliyowahi kutajwa. Nikajaribu ftnot 'mvua', yaani aya isiwe na "mvua" kabisa, nikaharibu zaidi, maana mtu aliyesema "mvua ilinyesha, hatukuvua" alitupwa nje na aya yake nzima. Dawa ikawa not in 'mvua': inaiacha mvua yenyewe, "hatukuvua" inabaki. Hapo ndipo nilipoiheshimu lugha hii ya XQuery.

Kosa langu jingine: wiki nzima nilikuwa nalalamikia laptopu kuwa nzito, kumbe sijawasha FTINDEX. Hiyo ndiyo faharasa ya matini, na haitengenezwi mpaka uiombe. Nilipoiwasha, majibu yakaanza kuja kabla sijashika kikombe cha chai.

BaseX naipa nyota nne. "Hatuvui" bado inanitoroka kwa ajili ya ile "i" ya mwisho, kwa hiyo naitafutia '.*vui' peke yake.