Bia Nyeusi ya Krismasi Kutoka Ubelgiji: Hii Inywe ya Moto

Mugonile wadau! Tuko Mbeya, mvua ya Desemba inapiga bati, mkisikia kelele mnivumilie. Mezani leo nina hii: Gouden Carolus Christmas, ya kiwanda cha Het Anker, mjini Mechelen, Ubelgiji. Hapa mjini sijaiona dukani. Nimeletewa na dada aliyekuja likizo, ubarikiwe dada.

Kabla sijafungua, sogeza kamera hapa. Asilimia 10.5! Haya, tupige hesabu. Chupa ni mililita 330, kwa hiyo kilevi kitupu humo ndani ni kama mililita 35. Safari kubwa ya mililita 500, kwa asilimia 5.5, ina kama 28. Kachupa haka kanaizidi Safari. Ukija na mazoea yako ya kugonga tano, utarudishwa kwenu umebebwa. Na funguo za bodaboda tafadhali mwachie mtu.

Sasa lile swali la kila baa: ya baridi au ya moto? Hii ni ya moto, yaani isiyogandishwa. Ndugu zangu wa Dar najua mnaguna, lakini mkiigandisha viungo vyote vinalala, mnabaki kunywa sukari na ukali wa kilevi. Sisi huku tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, chupa ikilala kabatini asubuhi unaikuta na kaubaridi kake. Hako kanatosha. Nyie wa joto, iwekeni kwenye friji muda mfupi tu, mkishika chupa isiwaume mkono.

Namimina... polepole, nainamisha glasi. Ona rangi! Mezani ni nyeusi, ukiinyanyua kwenye taa inatoa wekundu. Hiyo rangi inatoka kwenye kimea kilichokaangwa. Chini mnaona machicha? Ni hamira, haina madhara, ila mimi tone la mwisho naliacha, linatia ukungu glasi.

Harufu sasa. Wenyewe wanasema wanatia aina sita za viungo na mitishamba. Mimi pua yangu inakutana kwanza na zabibu kavu na sukari iliyoungua, halafu kwa nyuma kuna kitu kama karafuu. Msidhani matunda yametumbukizwa humo. Hii ni eli, na bia za aina hiyo huchachushwa kwenye joto kubwa kuliko laga tulizozoea, na hamira ikifanya kazi kwenye joto hutoa harufu za matunda yenyewe.

Mdomoni... mh. Ni nzito. Utamu unatangulia, viungo vinafuata, halafu kifua kinapata moto. Uchungu upo, kwa mbali. Subiri ipoe, namaanisha ipate joto, iache glasini dakika kumi uonje tena. Hapo ndipo mdalasini unajitokeza, mwanzoni sikuusikia kabisa.

Kwangu glasi moja inatosha, utamu wake unachosha ukinywa kavu kavu. Ndiyo maana nimeagiza kitimoto na ndizi za kuchoma, ile chumvi na mafuta vinaukata vizuri sana. Samaki usithubutu, itamfunika.

Naipa nane kwa kumi. Mbili nimekata za utamu, na mwenye kupenda vitamu anirudishie. Chini ya miaka 18 hii haiwahusu, tukutane kwenye video ya soda.

Haya, kitimoto ndiyo hicho kinaingia. Zima kamera, njoo ule.